Somo la Saba: Nani Alikosa?

Kusudi la somo

Ndugu mwanakisomo, katika somo hili tutasoma habari za ugonjwa na uponyaji katika Biblia. Tutatafuta jibu la swali hili: mtu akiugua, je, ni lazima awe amekosa? Pia tutaona kama sala na dawa vinapingana.

Madarasa yetu yana watu wa dini mbalimbali. Mwenye Biblia aje nayo, afungue sura zinazotajwa, asome mwenyewe. Asiye Mkristo naye akaribie. Ugonjwa ukibisha hodi hauulizi mtu dini yake.

Somo hili ni refu. Lisomeni kwa jioni mbili.

1. Nafasi iliyokuwa tupu

Jioni moja, katika darasa moja la kisomo, nafasi ya mbele karibu na ubao ilikuwa tupu. Mama aliyezoea kukaa hapo hakufika. Mwalimu akauliza habari zake.

Mzee mmoja akajibu, "Mwalimu, leo hawezi kuja. Mtoto wake ameanguka motoni."

Mtoto huyo ni mvulana wa miaka tisa. Ana kifafa. Siku ile mama yake alikuwa amekwenda kisimani. Mtoto alianguka karibu na mafiga, na mkono wake mmoja ukaingia kwenye makaa. Uani palikuwa na watu. Walimwona, lakini hawakumshika. Waliogopa povu lililomtoka mdomoni. Walidhani kwamba anayeguswa na povu lile naye atapata kifafa. Mama aliporudi na ndoo yake, mkono wa mtoto ulikuwa umekwisha kuungua.

Watu darasani wakaanza kusema.

"Ukoo ule una jambo," alisema mmoja. "Si bure."

"Baba yake ndiye aliyekosa," alisema mwingine. "Mtoto analipa deni."

Wa tatu akasema, "Mimi najua habari nyingine. Mama alikuwa akimpa mtoto vidonge vya zahanati kila siku, na mtoto alikuwa haanguki sana. Kisha akapita mhubiri mmoja, mgeni. Akamwambia kuwa anayemeza vidonge hana imani. Mama akavitupa chooni. Hazikupita wiki tatu, haya yakatokea."

Mama mmoja aliyekaa nyuma hakusema neno. Alikuwa akitazama chini.

Mwalimu alichukua chaki, akaandika ubaoni maneno mawili: NANI ALIKOSA? Kisha akasema, "Swali hili si geni. Wanafunzi wa Yesu walimwuliza swali hilohilo. Tufungue Injili ya Yohana, sura ya 9."

2. Swali la zamani

Yohana anaeleza kwamba Yesu alikuwa akipita njiani Yerusalemu. Akamwona mtu aliyezaliwa kipofu. Wanafunzi wake wakamwuliza ni nani aliyetenda dhambi, mtu yule au wazazi wake, hata akazaliwa vile.

Angalia vizuri, ndugu msomaji. Wanafunzi hawakuuliza kama kuna aliyekosa. Walikwisha kukata shauri kwamba yupo. Walitaka jina lake tu.

Yesu aliwajibu kwamba si yeye aliyekosa, wala si wazazi wake. Alisema kwamba kazi za Mungu zinapaswa kuonekana kwa mtu huyo. Kisha akaanza kazi. Alitema mate chini, akafanya tope, akampaka machoni. Akamtuma aende kunawa katika bwawa la Siloamu. Mtu yule akaenda, akanawa, akarudi anaona.

Katika sura hiyo liko jambo jingine la kusikitisha. Wakubwa wa dini hawakufurahi. Walimwambia mtu yule kwamba amezaliwa katika dhambi, wakamfukuza. Macho yake yalikwisha pona, lakini wao bado walimtia hatiani. Yesu aliposikia kwamba amefukuzwa, alimtafuta mpaka akampata.

Sasa fungua Luka 13. Hapo Yesu anataja mnara wa Siloamu ulioanguka ukaua watu 18. Anauliza kama watu hao walikuwa wakosaji kuliko wengine wote wa Yerusalemu. Anajibu mwenyewe kwamba sivyo. Kisha anawageukia wasikilizaji wake, anawaambia watubu wao. Maana yake ni kwamba ukiona taabu ya mwenzako, usihesabu dhambi zake. Tazama za kwako.

Katika Agano la Kale kuna Kitabu cha Ayubu. Ayubu alikuwa mtu mwema. Akapoteza mali na watoto, kisha akapata majipu mwili mzima. Marafiki zake watatu walikuja: Elifazi, Bildadi na Sofari. Siku saba walikaa naye chini, bila kusema neno. Hapo walifanya vizuri. Kisha walianza kusema. Walimwambia Ayubu kwamba lazima amekosa, ndiyo maana anateseka. Mwisho wa kitabu, katika sura ya 42, Mungu anawakasirikia marafiki hao. Wanaambiwa wapeleke sadaka, naye Ayubu awaombee. Mgonjwa ndiye aliyewaombea waliomlaumu.

3. Je, Biblia haisemi kamwe kwamba dhambi huleta ugonjwa?

Tuseme kweli. Ziko sehemu ambazo mambo hayo mawili yanatajwa pamoja. Katika Marko 2, watu wanne walimchukua mtu aliyepooza. Hawakuweza kupita kwa sababu ya msongamano. Wakatoboa dari, wakamshusha. Yesu alimwambia kwanza kwamba amesamehewa dhambi zake, kisha akamwambia asimame. Katika Yohana 5, Yesu alimponya mtu aliyekuwa mgonjwa miaka 38, baadaye akamwonya asitende dhambi tena.

Hata sisi tunajua kwamba makosa mengine huleta maradhi. Mlevi huharibu ini lake. Lakini tazama nani anayesema katika habari hizo. Ni Yesu mwenyewe, akisema na mgonjwa mwenyewe, ili amwinue. Hakuwapa jirani ruhusa ya kukaa uani na kuhukumu. Wale wanne katika Marko 2 hawakuuliza mgonjwa alikosa nini. Walishika kila mtu pembe yake ya kitanda.

4. Mtoto mwingine aliyeanguka motoni

Mwalimu alisema, "Sasa tusome habari inayofanana na ya mtoto wetu." Wakafungua Marko 9.

Baba mmoja alimleta mwanawe kwa wanafunzi wa Yesu. Mtoto huyo alikuwa akianguka chini, akitoka povu na kusaga meno. Mara nyingi alianguka motoni na majini. Wanafunzi hawakuweza kumponya. Yesu alipofika, kwanza alimwuliza baba, mtoto amekuwa hivi tangu lini? Baba akasema tangu utoto. Yesu hakumwuliza baba alifanya nini. Aliuliza kama mganga anavyouliza: ugonjwa ulianza lini?

Baba alisema kwamba anaamini, kisha akaomba asaidiwe kwa kuwa imani yake haitoshi. Yesu hakumfukuza. Alimponya mtoto, akamshika mkono, akamwinua.

Mzee mmoja akainua mkono darasani. "Mwalimu, Marko anasema ni pepo. Basi si ugonjwa."

Mwalimu akajibu, "Swali zuri, mzee. Marko anasema hivyo. Tufungue pia Mathayo."

Katika Biblia ya Kiswahili inayotumiwa na wengi, Mathayo 17 inaeleza habari hiyohiyo, na ugonjwa wa mtoto unaitwa kifafa. Tena fungua Mathayo 4, mstari wa 24. Hapo wanatajwa watu walioletwa kwa Yesu: wenye pepo, wenye kifafa, na waliopooza. Wanatajwa mbalimbali. Mathayo hakusema kwamba kila mwenye kifafa ana pepo. Kwa hiyo, anayemwona mtu ameanguka akasema mara moja kwamba ana pepo, anasema zaidi ya Mathayo.

Na hata mtu akishikilia maneno ya Marko, bado jambo moja ni wazi. Yesu alimshika mtoto mkono.

5. Kuponya ni kumrudisha mtu kwa wenzake

Katika Marko 5 kuna mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12. Alikuwa amemaliza mali yake yote kwa waganga, asipate nafuu. Kwa sheria ya Walawi 15, mwanamke wa namna hiyo alihesabiwa kuwa najisi, na aliyegusa kitanda chake naye akawa najisi. Fikiri miaka 12 bila kukaa na watu kwa raha. Alikuja kwa siri nyuma ya Yesu, akagusa vazi lake, akapona. Yesu alikuwa na haraka. Alikuwa akienda kwa Yairo, ambaye binti yake alikuwa karibu kufa. Lakini alisimama. Alimtaka mwanamke yule ajitokeze, kisha mbele ya watu wote akamwita binti. Damu ilikuwa imekwisha kukauka. Sasa alimrudishia heshima yake.

Katika Marko 1 kuna mwenye ukoma. Watu hawakumgusa. Yesu alinyosha mkono, akamgusa. Alipotakasika, Yesu alimwambia aende akajionyeshe kwa kuhani. Kwa nini? Kwa sababu katika Walawi 13 na 14 kuhani ndiye aliyeangalia ngozi ya mgonjwa na kutangaza kwamba amepona, ili arudi kijijini kwake. Yesu hakumwambia mtu yule kwamba kupimwa ni kukosa imani. Alimtuma mwenyewe akapimwe.

Hili ni fundisho kubwa. Mtu akiombewa, akaona nafuu, asitupe dawa. Aende zahanati akapimwe. Dawa itapunguzwa au kuachwa kwa shauri la mganga.

6. Dawa katika Biblia

Wengine husema kwamba mwenye imani hatumii dawa. Hebu tutazame.

Katika Isaya 38, mfalme Hezekia aliugua karibu kufa. Aliomba kwa machozi, na Mungu akamwongezea miaka 15. Katika sura hiyohiyo Isaya aliagiza tini zipondwe zibandikwe juu ya jipu. Sala na dawa ziko katika sura moja.

Katika Luka 10, Msamaria alimkuta mtu aliyepigwa na wanyang'anyi. Alimtia mafuta na divai katika majeraha, akamfunga, akampandisha juu ya mnyama wake, akamlipia nyumba ya wageni. Hakuna mahali panaposema kwamba alimuuliza kabila lake au makosa yake.

Paulo alimshauri Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake na maradhi yake ya mara kwa mara. Tena katika Wakolosai 4, Paulo anamtaja Luka, anamwita tabibu mpendwa. Hakumwambia Luka aache utabibu.

Yakobo, katika sura ya 5, anasema mgonjwa awaite wazee wa kanisa wamwombee na kumpaka mafuta. Anasema pia kwamba kama ametenda dhambi atasamehewa. Angalia neno "kama". Yakobo hakusema kwamba kila mgonjwa ametenda dhambi. Kisha anawaambia wote, wazima na wagonjwa, waungamiane dhambi zao na kuombeana.

7. Wasiopona

Je, asiyepona hana imani? Paulo aliombea watu wakapona. Lakini katika Wakorintho wa Pili 12 anasema alikuwa na mwiba mwilini. Aliomba mara tatu uondolewe. Haukuondolewa. Alijibiwa kwamba neema ya Mungu yamtosha. Katika Timotheo wa Pili 4, anasema alimwacha rafiki yake Trofimo huko Mileto, akiwa mgonjwa. Hakusema kwamba Trofimo ana imani haba.

Katika Mathayo 25, Yesu anaeleza siku ya hukumu. Wanaosifiwa hapo ni waliokwenda kumtazama mgonjwa. Si kila mtu aliyepewa nguvu ya kuponya. Lakini kila mtu ana miguu ya kwenda kumtazama jirani.

8. Kifafa ni ugonjwa gani?

Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Huweza kuletwa na jeraha la kichwa, na kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, na malaria kali iliyopanda kichwani, au na mayai ya tegu wa nguruwe yaliyoingia mwilini kwa uchafu. Mara nyingi sababu haijulikani. Kifafa hakiambukizi. Povu ni mate tu. Mate hayo hayawezi kumpa mtu kifafa.

Mahenge ni mji wa milimani katika Wilaya ya Ulanga, Mkoa wa Morogoro. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alifanya kazi huko daktari mmoja mzaliwa wa Norwei, jina lake Louise Jilek-Aall. Alikuta watu wengi wenye kifafa. Walitengwa, na wengi walikuwa na makovu ya moto, kwa sababu watu waliogopa kuwagusa. Alianzisha kliniki ya kifafa, akawapa dawa za kila siku. Wengi walipungukiwa na kuanguka, wakaweza kufanya kazi tena.

Dawa ya kifafa humezwa kila siku, hata siku mgonjwa anapojiona mzima. Kuiacha ghafula ni hatari. Mgonjwa huweza kuanguka mfululizo, na hata kufa.

Mtu akianguka kifafa, fanya hivi:

(a) Mwondoe penye moto, maji au barabara. Usiogope kumshika.
(b) Weka nguo laini chini ya kichwa chake. Legeza nguo za shingoni.
(c) Mlaze ubavu, ili mate yatoke nje.
(d) Usimtie kitu mdomoni: si kijiko, si maji, si dawa.
(e) Usimkandamize mikono na miguu.
(f) Kaa naye mpaka fahamu zirudi.
(g) Ikipita dakika 5 bila kutulia, au akianguka tena kabla fahamu hazijarudi, mpeleke haraka zahanati au hospitali.

Nyumbani, inua jiko au lizungushie ukuta mdogo. Mgonjwa asiende mtoni au kisimani peke yake.

9. Jibu la swali

Mwalimu alirudi ubaoni. Maneno yalikuwa bado pale: NANI ALIKOSA?

Yule mama aliyekaa nyuma akasimama. Alisema polepole, "Mwalimu, mimi nilikuwapo uani. Nilimwona mtoto akianguka. Nilikuwa karibu kuliko wote. Niliogopa povu. Mtoto hakukosa. Mama yake hakukosa. Mimi ndiye niliyesimama."

Darasa likanyamaza. Hakuna aliyemcheka. Baadaye mzee aliyeuliza juu ya pepo akasema, "Si wewe peke yako, mama. Sisi sote tumewahi kusimama."

Kesho yake asubuhi mama huyo alikwenda nyumbani kwa mwenzake. Alimweleza kosa lake. Wakalia pamoja. Kisha wakambeba mtoto kwa zamu mpaka zahanati. Mganga alisafisha mkono, akaufunga. Akamwanzishia mtoto vidonge upya. Hakumgombeza mama. Alimwambia aendelee kusali na aendelee na vidonge, na kila mwezi amlete mtoto aonwe.

Mtoto yule bado huanguka mara mojamoja. Vidole viwili vya mkono wake havinyooki. Lakini sasa anakula sahani moja na watoto wenzake. Na akianguka, hakuna anayesimama kutazama.

Nafasi ya mbele karibu na ubao haiko tupu tena. Mama amerudi darasani. Jirani yake naye amehama nyuma. Wanakaa pamoja, wanasoma kitabu kimoja.

Maneno ya kujifunza

bwawa: maji mengi yaliyokusanyika mahali pamoja
kuhani: mtu aliyetoa sadaka kwa ajili ya watu katika Agano la Kale
kuungama: kusema wazi kosa lako
najisi: asiyeruhusiwa kuguswa au kushiriki ibada
tabibu: mganga, daktari
tegu: mnyoo mrefu bapa unaokaa tumboni

Maswali ya kujibu

1. Wanafunzi wa Yesu walimwuliza swali gani juu ya kipofu?
2. Marafiki wa Ayubu walifanya vizuri kwa siku ngapi? Kisha walikosea nini?
3. Taja dawa mbili zilizotumiwa katika Biblia.
4. Kwa nini Yesu alimtuma mwenye ukoma kwa kuhani?
5. Ni mambo gani mawili usiyopaswa kumfanyia mtu aliyeanguka kifafa?

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kijiji chetu, ni wagonjwa gani wanaosemwa vibaya? Watu husema nini juu yao?
2. Mtu akikuambia uache dawa kwa sababu ya imani, utamjibu nini?

Kazi ya kufanya

Wiki hii mtembelee mgonjwa mmoja asiyetembelewa sana. Usimwulize alikosa nini. Mwulize anahitaji nini. Kisha andika sentensi tano katika daftari lako, uje uzisome darasani.